Nina miaka 16 na ninataka kusomea nyumbani: je, ninakosea?

#1 MpimaMvua (mtoa mada)
Shikamooni wakubwa. Mimi ni msichana wa miaka 16, ninasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni nje ya mkoa, na kwa sasa niko likizo ya Juni nyumbani kwa babu yangu, juu kidogo ya Kiboriloni, Moshi. Nimemwomba baba aniruhusu nisirudi bwenini Julai, nisomee hapa hapa, kisha nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba amekataa. Mama amesema tutazungumza baada ya mavuno ya mahindi, na kwa wanaomfahamu mama, hiyo ni hapana yenye adabu.

Sitaki kuacha kusoma. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili kabla ya kunijibu. Ninachokitafuta ni muda. Shuleni tunaamka saa kumi alfajiri, tunafanya usafi, tunaingia maandalio, kisha vipindi, kisha masomo ya ziada, kisha maandalio ya usiku hadi saa nne, na katika siku nzima hiyo hakuna nusu saa ambayo mtu anaweza kufuatilia jambo alilolianza mwenyewe. Tangu likizo fupi ya Machi mwaka jana ninapima mvua kwa chupa kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la nyumbani, na nikiwa shuleni babu ananisomea kipimo na kukiandika katika daftari. Sasa nina masika mawili. Mfereji wetu, unaotuletea maji kutoka msituni, mwaka huu umepungua maji mapema kuliko mwaka jana, ilhali daftari linaonyesha mvua haikupungua. Nilimuuliza mwalimu kwa nini, akanijibu kwamba swali hilo halimo katika muhtasari. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na mada tano za kumaliza kabla ya mtihani.

Naomba kujua: sheria inaruhusu? Na je, yupo aliyepita njia hii akafika?

#2 KijanaWaPasua
Mtoto wa miaka 16 haandiki "ilhali". Wewe ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, uko mahali Shanty Town unakunywa chai na kutuchunguza.

#3 MamaWawiliNjiro
Marahaba, binti yangu. Mimi niko Arusha na nitakujibu kwa niliyoyaona mezani kwangu. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, niliwafundisha wanangu wawili nyumbani. Wa kwanza alikuwa darasa la sita. Alimaliza kitabu cha Hisabati peke yake, akaanza kunisumbua nimtafutie cha darasa la saba. Wa pili alikuwa darasa la nne, na mwezi Juni ulipofika alikuwa amesahau hata jedwali la saba. Meza ni moja, mama ni mmoja, vipindi vya redioni ni vile vile. Kwa hiyo mtu akiniambia kusomea nyumbani ni kuzuri au ni kubaya, ninamuuliza kwanza anamzungumzia mtoto yupi.

Jambo la pili: mimi sikuwa nafundisha, nilikuwa nasimamia. Nani atakusimamia wewe? Babu?

#4 WakiliKijenge
Nijibu swali la sheria, kwa sababu naona litaanza kujibiwa kwa hisia.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, kifungu cha 35, inamtaka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 na asiyezidi 13 aandikishwe shule ya msingi, na inampa mzazi wajibu wa kuhakikisha hilo linafanyika. Mtoa mada amemaliza darasa la saba, kwa hiyo kizingiti hicho amekwisha kukivuka. Hata hivyo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepanga elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na hiyo inaonyesha wazi Serikali inataka vijana wa umri wake wawe wapi.

Tofauti yetu na nchi nyingine ni hii. Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamwambia mzazi amsomeshe mtoto kwa kuhudhuria shule "au vinginevyo", na neno hilo "vinginevyo" ndilo mlango mzima wa elimu ya nyumbani. Afrika Kusini, sheria ya shule ya mwaka huo huo wa 1996 inamruhusu mzazi kuomba mtoto asajiliwe kusomea nyumbani. Ujerumani wao wanashikilia kwamba mtoto lazima aende shule, na wazazi wamefikishwa mahakamani kwa hilo. Sheria yetu inazungumzia shule zilizosajiliwa. Njia zinazotambulika kwa aliye nje ya darasa ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na inayofundisha sekondari kwa njia ya masafa, pamoja na utaratibu wa Baraza la Mitihani wa watahiniwa wa kujitegemea.

Nyongeza moja kwa ajili ya baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kusikilizwa, binti, si sawa na kukubaliwa.

#5 MzeeMarangu
Nashangaa jambo hili linaitwa jipya. Sisi wazee wa mlimani tunajua kwamba kabla ya shule za misheni kufika, vijana wa Kichagga walifundishwa na wazee kwa fimbo iliyochongwa alama, mregho, ambayo kila alama yake ilikuwa somo linaloelezwa na kurudiwa mpaka kijana alikariri maisha yote ya mtu. Hakukuwa na kengele. Na Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamng'oa kijana katika jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yamo vitabuni tu. Binti anapima mvua, anafuatilia mfereji wa babu yake. Ni kipi hapo ambacho Mwalimu angekikataa?

#6 MwalimuSakina
Shikamoo Mzee Marangu. Umenukuu nusu. Mwalimu Nyerere hakusema mtoto atoke shuleni arudi shambani. Alisema shule yenyewe iwe na shamba, iwe jumuiya inayojilisha. Naye mwenyewe alianza darasa la kwanza pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12, na sijawahi kusikia akijuta kwamba alipelekwa.

Sasa nimwambie binti mambo ambayo huenda hakuna aliyemwambia. Mimi ni mwalimu wa sekondari na nayaona kila mwaka. Mwanafunzi wa shule anaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne akiwa na alama za tathmini endelevu, yaani za kazi na mitihani aliyoifanya shuleni, ambazo ni asilimia 30 ya matokeo yake. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Mtihani ndio kila kitu, na ukiumwa malaria asubuhi ya Hisabati basi umeumwa malaria kwenye asilimia 100. La pili, wanafunzi wanaochaguliwa na TAMISEMI kuingia kidato cha tano katika shule za Serikali ni waliofanya mtihani wakiwa shuleni. Wewe utatafuta nafasi shule binafsi, au chuo. La tatu, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafanyika kupitia vituo, na mtu anayetoka nje ya mfumo anapitia kwanza Mtihani wa Maarifa, ule unaopima kama anastahili kufanya wa kidato cha nne. Kabla hujarudisha godoro nyumbani, nenda kituoni na karatasi yako ya upimaji wa kidato cha pili, uulize ukiwa umesimama pale dirishani. Usiulize mtandaoni, hata kwangu.

Kuhusu mwalimu aliyekwambia swali halimo katika muhtasari, mimi pia nimewahi kutamka maneno hayo. Nilikuwa na mikondo minne, na daftari za kusahihisha zilikuwa zinafika kiunoni. Sijivunii.

#7 FundiRedioNgarenaro
Mimi ndiye aliyepita. Niliondoka shule kidato cha pili, si kwa kutafuta uhuru, bali kwa sababu ada ilikosekana, maana wakati huo elimu bila ada ilikuwa haijaanza. Ilianza mwaka 2016. Nilikaa karakana ya mjomba nikitengeneza redio mchana, usiku nikisoma. Nilifanya Mtihani wa Maarifa, nikafaulu. Nikafanya kidato cha nne, nikaanguka. Nikarudia, nikapata.

Kilichoniangusha mara ya kwanza si akili. Fizikia ya umeme nilikuwa naijua kwa mikono kuliko aliyetunga mtihani, lakini sikujua namna wanavyotaka jibu liandikwe. Mwanafunzi aliye darasani anajifunza hilo bila kujua, kwa kusahihishiwa kila wiki. Mimi nilikuwa najisahihisha mwenyewe, na nilikuwa msahihishaji mwenye huruma sana. Kitu kingine ni upweke. Usiku wa saa tano, umekwama kwenye swali, huna wa kumgusa bega ukamuuliza "hili umelipataje?"

Hata hivyo, ukiniuliza kama najuta, jibu ni kwamba miaka ile miwili ndiyo niliyojifunza kujifunza. Baadaye VETA walinipima ujuzi wangu wa karakana na kunipa cheti, kwa utaratibu ule wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

#8 KijanaWaPasua
Fundi, "msahihishaji mwenye huruma sana" nimeiandika ukutani. Na mtoa mada akitoka mzima kwenye uzi huu basi hata mtihani wa Taifa hautamshinda.

#9 MpimaMvua
Asanteni. Mwalimu, hilo la asilimia 30 sikulijua, na limenifanya nisilale vizuri. Mama wa Njiro, babu hawezi kunisimamia Kemia, lakini alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kwa miaka mingi na hajawahi kunisamehe hesabu isiyofungwa. Kaka wa Pasua, neno "ilhali" nimelitoa kwa babu.

Mzee Marangu, shikamoo. Huo mregho babu anaujua kwa kusikia tu, hajawahi kuuona.

#10 DadaUsaRiver
Nimesoma majibu yote na naona wanaume wengi wamejibu kana kwamba mtoa mada ni mvulana.

Binti, katika nchi hii uanafunzi ni ngao. Ukiwa na sare na namba ya usajili, mwanamume anayekuchezea anajua kwamba sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inamwandalia kifungo cha miaka 30 kwa kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Siku utakayovua sare, hata kama mezani kwako pamejaa vitabu, majirani wataanza kukuita "yule aliyepo nyumbani", na neno hilo lina maana yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Ilibidi Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Nilimaliza darasa moja na msichana aliyebaki nyumbani "kwa muda tu" amuuguze mama yake. Vitabu alikuwa navyo. Nia alikuwa nayo. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anachota maji, anapika, anauza genge, na jioni hakuna aliyemuuliza amesoma nini, kwa sababu msichana aliye nyumbani ni msaidizi wa nyumba, na kijana wa kiume aliye nyumbani ni mtu anayesoma. Jiulize nani atapika hapo kwa babu.

#11 WakiliKijenge
Dada yuko sahihi, naongeza tu kwamba Serikali ilikata rufaa na Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi ule mwaka 2019. Swali linalotokana na hoja yake, kwamba mwanafunzi wa njia ya masafa anahesabiwa mwanafunzi kwa kiasi gani mbele ya jirani, mbele ya polisi na mbele ya hakimu ni swali zito kuliko swali langu la kifungu cha 35, na nakiri sikuliwaza nilipojibu.

#12 NdivaSame
Samahani kwa kuchelewa. Mimi nadhani tatizo la binti si muda wala muhtasari, ni lugha. Darasa la saba tulisoma usanisinuru, tukauelewa, tukauchora. Januari iliyofuata tukaingia kidato cha kwanza na jani lile lile likawa na jina jipya, mwalimu anaeleza kwa Kiingereza anachokielewa yeye mwenyewe nusu, na aliyekuwa anauliza maswali kumi kwa siku ananyamaza miaka minne. Mtoto huyu anaandika Kiswahili kama hakimu. Nyumbani atauliza kwa lugha yake na babu atamjibu. Huo ndio uhuru anaoutafuta, hata kama hajaupa jina.

Halafu, kwa heshima, mifereji ni mambo ya kuchezea. Njooni Upareni muone ndiva.

#13 MzeeMarangu
Ndiva ni dimbwi. Mfereji unatoka msituni, unazunguka mabonde bila pampu, na ulichimbwa na watu wasiojua kusoma. Tuendelee na mada.

#14 MamaWawiliNjiro
Nina wazo jingine, na binti asinichukie. Katika ujumbe wa kwanza umeandika "nyumbani kwa babu yangu", hukuandika "kwa babu na bibi". Katika ujumbe wa tisa tena ni babu peke yake. Je, inawezekana kwamba hutaki kumwacha?

#15 MpimaMvua
Bibi alifariki Novemba. Nilikuwa shuleni, nilipewa siku tatu.

Sijui kama ndiyo sababu. Mvua nilianza kupima kabla. Lakini ni kweli kwamba tangu wakati huo babu anaandika kipimo kila siku, hata siku ambazo hakuna mvua, anaandika sifuri, na pembeni anaandika jambo lililotokea. Kwa mfano: "0. Ng'ombe amezaa." Zamani alikuwa anaandika siku za mvua tu.

Dada wa Usa River, kupika tunapika kwa zamu. Babu anapika machalari mazuri kuliko mimi. Lakini nimeelewa ulichosema, na nimemsomea mama ujumbe wako. Amesema huyo dada ana akili.

#16 AnayepimaTengeru
Pole kwa msiba, binti. Nimefanya kazi ya vituo vya hali ya hewa kwa muda mrefu, na nimeona hakuna aliyegusa kipimo chenyewe, nacho ndicho chanzo cha uzi huu.

Kama chupa yako ni ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kugeuzwa kuwa faneli, mdomo wake na mwili wake vina upana mmoja, kwa hiyo rula inasoma milimita moja kwa moja. Vizuri. Lakini kitako cha chupa hizo kina mabonde. Ukianza kupima kutoka chini kabisa, mvua ndogo zote zitakuwa na makosa. Tia maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, piga mstari, uite sifuri, na kila siku ukimwaga urudishe hadi mstarini. Pili, chupa isiwe chini ya mgomba wala karibu nao. Jani la mgomba linakusanya mvua ya eneo kubwa na kuimwaga mahali pamoja. Tatu, soma saa tatu asubuhi kila siku, ndiyo saa inayotumika vituoni. Milimita moja ni lita moja katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo ukijua ukubwa wa kihamba utajua babu yako amepewa lita ngapi na Mungu.

La mwisho litakuuma. Masika mawili hayathibitishi chochote. Mvua ya milimani inabadilika sana mwaka hadi mwaka, na kipimo chako kiko kihambani, ilhali (nami nalijua) maji ya mfereji yanatoka juu, msituni, ambako hujapima. Tena mfereji hupungua kwa sababu nyingi: mvua kunyesha kwa siku chache kubwa badala ya siku nyingi ndogo, banio linaloingiza maji mferejini kuvuja, walio juu kuongeza bustani za mboga, au zamu za maji kutofuatwa. Je, mmehesabu walio juu yenu ni kaya ngapi mwaka huu, na mwaka jana zilikuwa ngapi?

#17 MpimaMvua
Hatujahesabu. Kitako cha chupa nilikipima kutoka chini kabisa. Naona aibu, lakini nimeshakwenda kupiga mstari.

#18 MwalimuSakina
Usione aibu. Makosa yale ni yale yale kila siku ambayo maji yalipita mabonde ya kitako, kwa hiyo yanaweza kusahihishwa nyuma: pima kitako kinameza maji ya kina gani, kisha rekebisha siku hizo daftarini.

Nimerudi kwa sababu nimekumbuka jambo. Kuna Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, inayokutanisha wanafunzi wa sekondari na miradi yao ya utafiti. Kazi kama yako ndiyo wanayoitaka. Lakini wanafunzi huingia kupitia shule zao, wakiwa na mwalimu wa kuwaongoza. Yaani swali ambalo shule haikukupa muda wa kulijibu, shule hiyo hiyo ndiyo inayoshika ufunguo wa mahali pa kulionyesha. Mimi mwenyewe sijui nikwambie nini juu ya hilo. Lipo pia la kati ambalo hujalitaja kabisa: kuhamia shule ya kutwa hapo Moshi. Utalala kwa babu, utabaki na ile asilimia 30, na Dada wa Usa River hatakosa usingizi.

#19 FundiRedioNgarenaro
Mwalimu, shule ya kutwa nayo ina masomo ya ziada hadi saa kumi na moja, na Jumamosi. Ukijumlisha kupanda na kushuka mlima, muda anaoulilia haupo. Mimi naona hoja ya kutwa inawatuliza watu wazima kuliko inavyomsaidia yeye.

#20 KijanaWaPasua
Hapo Fundi amesema. Halafu nauliza tu kwa niaba ya wenye mifuko myepesi: vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo bure katika maktaba yao ya mtandaoni, sawa, lakini bando la kuvifungulia linatoka wapi? Au atashuka maktaba ya mkoa kila siku kwa daladala? Nauli ya mwaka nayo ni ada.

#21 DadaUsaRiver
Kijana wa Pasua leo umeandika sentensi nne bila mzaha. Tunakufuatilia kwa karibu.

#22 BabaWaMpima
Habari zenu. Mimi ndiye baba anayesemwa. Binti amenionyesha uzi huu jana jioni na nimeusoma wote hadi usiku.

Nasahihisha mambo mawili. Kwanza, sikusema hapana. Nilisema "ada ya muhula nimeshalipa", na yeye akaitafsiri. Pili, hilo la lugha aliloandika ndugu wa Same, nilimuuliza binti, akanyamaza kwa muda mrefu, na hakunijibu. Kwa hiyo sijui. Ananiambia ni muda, mama yake anasema ni bibi, mimi mpaka juzi nilidhani ni simu, na kila mmoja wenu ana jibu lake. Uamuzi sijaufanya. Nimepanga kwenda kwenye kituo cha mitihani kama Mwalimu alivyoshauri, pamoja naye, na nitamwacha aulize mwenyewe.

Nina swali kwa ndugu wa Tengeru. Nimelipitia daftari. Tarehe 9 Mei mzee ameandika sifuri, lakini usiku wa tarehe 9 nilikuwa natoka Himo na nilikwama kwenye tope kwa saa mbili kwa mvua. Je, daftari hili linaaminika?

#23 AnayepimaTengeru
Karibu, Mzee. Mvua iliyonyesha usiku wa tarehe 9 baada ya kusomwa kipimo cha asubuhi itakuwa imekutwa chupani saa tatu asubuhi ya tarehe 10. Vipo vituo vinavyoiandika kwa siku ya kusoma na vipo vinavyoirudisha siku iliyotangulia. Lililo muhimu ni kuchagua mtindo mmoja na kuuandika mwanzoni mwa daftari. Hebu tazama mstari unaofuata.

#24 BabaWaMpima
Tarehe 10 ameandika 31. Na pembeni: "Baba wa mtoto amefika usiku na viatu mkononi."